Kiluwiluwi Hakatwi Mkia

Mwaka jana, katikati ya masika, skuli ninayosomesha hapa Pemba ilipata mgeni wa kuwapa nasaha wanafunzi. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, na mfano wake mkubwa siku ile ulikuwa chura. Aliwaambia watoto kwamba kwa sasa wao ni viluwiluwi wanaozunguka topeni, na anayetaka kurukia nchi kavu hana budi aukate mkia: aache nyuma alikotoka, aamue leo, kesho awe mtu mwingine. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na mimi nikiwemo.

Siku ya pili yake, kwenye kipindi cha bayolojia, msichana mmoja anayekaa karibu na dirisha alinyoosha mkono. Kwao ni watu wa mpunga. Msimu wa palizi huamka alfajiri akaenda bondeni na mama yake kabla ya kuja skuli, na mara nyingine kucha zake bado zina tope. Akauliza: "Mwalimu, kama mkia unakatika, mbona bondeni hatuokoti mikia?"

Wenzake walicheka, lakini swali lile halikuwa la kuchekwa. Bonde moja la mpunga hutoa vyura wadogo kwa maelfu kila masika. Kama kila mmoja angeuacha mkia wake pale, tungekuwa tunaikanyaga kama majani ya mwembe. Haipo. Na mtu akijua imekwenda wapi, mfano wa chura unageuka. Unaanza kusema jambo jingine kabisa, na kwa maoni yangu jambo hilo jingine ndilo linalowafaa zaidi watoto wetu, na sisi wakubwa pia.

Nianze majini. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na mvua za Machi hadi Mei zikishika, kila bonde hujaa maji na sauti. Anayelala karibu na mpunga anajua usiku ule ulivyo. Tunao vyura wa namna nyingi, akiwemo mmoja mdogo ambaye hapatikani popote ulimwenguni ila kisiwani kwetu. Arthur Loveridge ndiye aliyemwelezea kitaalamu mwaka 1941, na jina lake la kisayansi ni Phrynobatrachus pakenhami. Huwatajia wanafunzi jina hilo kila mwaka. Napenda wajue kwamba Pemba ina cha kwake.

Mayai hutagwa kwenye maji yaliyotulia, yamefunikwa kwa ute, mengine yakiwa mafungu, mengine yamepangana kama shanga kwenye uzi. Humo hutoka viluwiluwi. Hapa ndipo kosa la kwanza la ule mfano linapoingia, maana tumezoea kumtazama kiluwiluwi kama chura ambaye bado hajafaulu. Sivyo. Kiluwiluwi ni mnyama aliyekamilika kwa maisha anayoishi. Anavuta hewa ya majini kwa matamvua, ndizo zile nyama nyekundu unazofunua sokoni kutazama kama samaki ni mbichi. Ana mdomo mgumu, mfano wa mdomo wa kasuku, na safu za vijino vidogo vya kukwangulia utelezi wa kijani kwenye mabua ya mpunga. Ukimgeuza tumbo utaona utumbo wake kupitia ngozi: mrefu mno, umezungushwa kama kamba ya nanga iliyopangwa vizuri kwenye chombo, kwa sababu chakula cha majani hakisagiki haraka. Na ule mkia, ambao ni zaidi ya nusu ya urefu wake, ndio injini yake. Asingekuwa nao asingefika popote.

Kwa hiyo mtoto wa kidato cha kwanza si mtu mzima aliyepungukiwa. Ana mkia wake, ana mdomo wake, na vinamfaa pale alipo.

Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Gosner, aliyagawa maisha ya chura tangu yai hadi chura kamili katika hatua 46, na hatua hizo ndizo wanazotumia watafiti mpaka leo. Huwa nawaambia wanafunzi waishike namba hiyo. Miguu ya nyuma huanza kama vichipukizi viwili vidogo kiasi kwamba kwa jicho tupu unaweza kuvikosa, na hukaa hivyohivyo muda mrefu kabla ya kupata vidole. Miguu ya mbele nayo hukua kwa siri, chini ya ngozi, karibu na matamvua. Nje huoni kitu. Halafu siku moja mkono unapasua ngozi na kutoka ukiwa mzima, una kiwiko na vidole vyote. Mtu asiyejua atasema umeota usiku mmoja. Nimewaona wazazi wengi wakishangaa hivyohivyo: "Huyu mtoto amebadilika ghafla!" Hakubadilika ghafla. Mkono ulikuwa unakua chini ya ngozi, na sisi tulikuwa tunatazama mkia.

Mikono ikishatoka, mambo huenda mbio, na ndizo siku ninazotaka tuzitazame kwa karibu.

Ule mdomo wa kasuku unabanduka. Vijino vinaanguka. Taya zinapanuka mpaka nyuma ya macho, na ulimi unaanza kujengeka kwa ajili ya wadudu ambao huyu mnyama hajawahi kuwaonja. Utumbo mrefu wa mla majani unafupishwa. Kwa aina moja iliyochunguzwa sana maabara, unapungua kiasi cha robo tatu ya urefu wake. Matamvua yanatoweka na mapafu yanabeba kazi yote. Hata damu inabadilishwa: ile protini inayobeba hewa ya kiluwiluwi inaondoka na kuingia nyingine ya chura. Hebu fikiria mtu anayebomoa jiko, bomba la maji na madirisha ya nyumba yake kwa wakati mmoja huku angali anakaa ndani.

Katika siku hizo hali kitu. Hawezi. Mdomo wa zamani umeondoka, mpya haujawa tayari, na utumbo uko katika matengenezo. Sasa anaishi kwa nini?

Anaishi kwa mkia wake. Seli za mkia hupokea amri ya kujivunja, vimeng'enya vinaimumunya nyama yake ndani kwa ndani, na kilichomo kinarudi mwilini kuwa chakula na kuwa vifaa vya kujengea. Mkia unafupika siku hadi siku mpaka unabaki kinundu, na kinundu nacho kinakwisha. Hakuna kilichotupwa, na ndiyo maana yule msichana hajawahi kuokota mkia bondeni.

Nilipomaliza kumjibu, darasa lilikuwa kimya, na nikajikuta namfikiria yule mgeni wetu na makofi yetu. Tulikuwa tumewaambia watoto wakate kile ambacho kingewalisha siku za njaa. Mtoto wa bondeni anayekwenda Unguja kusoma chuo huambiwa asahau tope, abadilishe lafudhi, asiseme kwao ni wapi. Lakini wiki za mwanzo mjini, wakati hajui daladala wala hajapata rafiki, na lugha ya darasani inampita juu ya kichwa, atakula nini? Atakula kule kuamka alfajiri alikozoeshwa na mama yake. Atakula subira ya mtu aliyepalilia mpunga huku mgongo ukiuma. Tabia hizo baadaye zitapotea sura. Hatakuwa mpaliliaji tena, na hakuna ubaya. Ila zitakuwa zimeingia katika mifupa ya mtu mpya. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na sisi tumezoea kuutumia usemi huo kumkaripia anayebadilika. Kiluwiluwi ananionyesha maana nyingine: mtu anaweza kubadilika hadi asitambulike na bado asiwe ameacha kitu, kwa sababu amekila.

Nani anayetoa hiyo amri? Hapa pana kisa kizuri. Mwaka 1912 mtafiti J. F. Gudernatsch alitangaza matokeo ya jaribio ambalo mtu angeweza kulifanya kwenye beseni. Aliwalisha viluwiluwi vipande vya viungo vya wanyama mbalimbali, kila kundi na chakula chake. Waliolishwa tezi ya shingoni, ile ambayo madaktari huiita tezi dundumio, waligeuka vyura baada ya siku chache, wadogo mno, kabla ya wakati wao. Miaka michache baadaye Bennet Allen, huko Marekani, alifanya kinyume chake: aliwaondolea viluwiluwi tezi hiyo wakiwa wachanga. Waliendelea kula na kunenepa wakawa viluwiluwi wakubwa kupita kiasi. Hawakugeuka.

Amri, basi, ni homoni ya tezi hiyo, na homoni hiyo haitengenezeki bila madini joto. Ndiyo yaleyale yaliyoandikwa kwenye pakti ya chumvi jikoni kwako. Sisi tezi hiyo tunayo pia, na mtoto tumboni asipopata madini joto ya kutosha kutoka kwa mama yake, ubongo wake unaumia. Watu wengi wa visiwani hudhani kwamba kwa kuwa tumezungukwa na bahari jambo hili halituhusu, lakini chumvi iliyoanikwa juani haibaki na madini joto ya kutosha. Ndiyo sababu huongezwa kabla ya kuuzwa. Natoka kidogo nje ya mada, najua, lakini mama mjamzito anayesoma hapa aangalie pakti yake.

Nirudi. Kiluwiluwi wa Bennet Allen hakukosa bidii. Hakukosa nia wala hakuwa mvivu. Alikosa kitu mwilini, na hakuna nasaha ambayo ingemgeuza. Nimesomesha miaka kumi na minne, na ninaogopa kuhesabu ni watoto wangapi tuliowaita wazembe kumbe walikosa miwani, walikosa chakula cha asubuhi, walikosa mtu mmoja wa kuwaambia kwamba wanaweza. Yule mgeni alisema "amua leo". Chura haamui. Anaandaliwa, na vinavyomwandaa vingine hutoka nje yake.

Kuna jambo jingine kuhusu amri hii ambalo kila mwaka hunisimamisha. Homoni ni moja, inapita kwenye damu ileile, inafika kila mahali. Ikifika mguuni, mguu unakua. Ikifika mkiani, mkia unakufa. Mwaka 1933 mtafiti J. L. Schwind aliupima ukweli huu kwa namna ya ajabu: alilipandikiza jicho kwenye mkia wa kiluwiluwi. Wakati wa mageuzi mkia ulimumunywa wote, ukalizunguka lile jicho na kuliacha. Jicho likabaki zima, limesogezwa mpaka mwilini. Na kipande cha ncha ya mkia kilichopandikizwa mgongoni, mbali na wenzake, kilikufa wakati uleule mkia ulipokufa. Kila kiungo kinaisikia amri kwa kadiri ya kilivyo.

Fikirini ndugu wawili wa nyumba moja, wamepatwa na msiba mmoja, usiku mmoja. Mmoja anasimama kuanzia siku ile, mwingine anaporomoka. Watu husema, "Mbona mwenzako ameweza?" Naomba tuliache swali hilo. Neno limefika kwa wote wawili. Lakini mmoja limemkuta mguu, na mwingine limemkuta mkia.

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilimuua chura, na sijasahau. Niliwaleta viluwiluwi darasani ndani ya gudulia la kioo, maji yamejaa hadi karibu na mdomo, nikaliweka kwenye meza ili wanafunzi wachore hatua kwa hatua. Tuliwalisha majani ya mchicha yaliyochemshwa. Wa kwanza alipotoa mikono tulishangilia. Asubuhi iliyofuata tulimkuta chini ya gudulia, chali, mikono imetandazwa. Amezama. Alizaliwa majini, ameishi majini maisha yake yote, na maji yaleyale yakamuua, kwa sababu usiku ule alikuwa ameanza kuhitaji hewa na sikumwekea hata kijiwe cha kupanda. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Si ni wa majini?" Sikuwa na jibu. Alikuwa wa majini mpaka jana.

Kiluwiluwi mwenye miguu minne na mkia ndiye mnyama dhaifu kuliko wote bondeni. Haogelei vizuri, kwa kuwa miguu inamkokota. Haruki vizuri, kwa kuwa mkia unamvuta nyuma. Mwaka 1978 Stevan Arnold na Richard Wassersug walichapisha utafiti wa kilichokutwa ndani ya matumbo ya nyoka wa Marekani wanaowinda kandokando ya maji. Walionaswa kwa wingi walikuwa hawa wa katikati. Kiluwiluwi mzima ni mwepesi majini, chura mzima ni mwepesi nchi kavu. Anayeliwa ni yule aliye safarini.

Nikisoma hayo huwa nakumbuka kwamba wazee wetu waliujua ukweli huu bila maabara. Tazama mila zetu zinamfanyia nini mtu aliye katikati. Mwali hawekwi hadharani. Huwekwa ndani, na somo wake yuko naye. Maharusi hupewa fungate, siku saba za kutoulizwa kitu. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na majirani hujua kwamba si wakati wa kumpelekea shughuli. Mimi nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama alinichukua nyumbani kwake siku arobaini. Nilikandwa maji ya moto, nikanyweshwa uji wa pilipili manga, na mgeni aliyekuja na maneno mengi aliishia barazani. Wakati ule nilijiona kama mfungwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina diploma, na nilidhani mambo haya yamepitwa na wakati. Siku ya kumi na mbili nililia kutwa nzima bila kujua kwa nini. Mama hakuniuliza. Alimchukua mtoto, akanifunika kanga, akakaa mlangoni. Sasa najua alikuwa nini: alikuwa kile kijiwe ambacho mimi sikukiweka gudulia lilipojaa maji.

Mila hizo zimetenga mahali kwa bibi harusi, mzazi na mjane. Zipo safari nyingine za leo ambazo hatujazitengea mahali. Kijana wa mtaani kwetu alirudi kutoka soba hausi baada ya miezi kadhaa ya kuachana na unga wa kulevya. Mwili umerudi, macho yametulia. Siku ya kwanza tulimpokea kama shujaa. Siku ya tatu watu walianza kumuuliza kazi. Wiki ya pili alionekana kwenye baraza ileile ya zamani, kwa sababu hapakuwa na baraza nyingine iliyomkaribisha: wenzake wa zamani walimwita kwa jina, na sisi wengine tulimtazama kwa pembe ya jicho tukisubiri aanguke. Alikuwa na miguu minne na mkia. Tulimtaka aruke. Alianguka, na wapo waliosema, "Si nilisema?" Baadaye alirudi tena kutibiwa. Safari hii mjomba wake, fundi seremala, alimchukua kwake, akamkalisha karakana miezi sita akipiga msasa tu, hamtumi dukani, hamwachii fedha, hamuulizi atakuwa nini. Miezi sita ya msasa. Bado yupo, na sasa anatengeneza vitanda.

Lipo pia suala la haraka. Bonde likianza kukauka kabla ya wakati, kiluwiluwi hasubiri. Katika miaka ya 1990 Robert Denver, mtafiti wa Marekani, alipunguza maji kidogokidogo kwenye matangi ya viluwiluwi wa chura wa maeneo makavu, akaona wanaharakisha mageuzi. Ubongo wao huitambua dhiki, hutoa homoni ya dhiki, na homoni hiyo husaidiana na ile ya tezi kusukuma mwili utoke majini. Ni uwezo mkubwa. Bila huo wote wangekufa kwenye tope linalopasuka. Lakini wanatoka wadogo, na chura aliyetoka mdogo huwa na maisha magumu zaidi nchi kavu. Na dhiki hiyohiyo ikija mapema mno, kabla miguu haijaanza, haiharakishi kitu. Inamdumaza tu.

Baba alipofariki, kaka yangu alikuwa na miaka kumi na nne. Sisi wadogo tulikuwa wanne. Msimu wa karafuu ule alikwea mikarafuu pamoja na watu wazima, na jioni mimi na mama tulikaa kwenye jamvi tukichambua alichochuma. Mwaka uliofuata hakurudi skuli. Kijiji kizima kilimsifu: "Kijana amekomaa." Alitulea, alitusomesha, na mimi ninayeandika haya ni matunda ya mikono yake. Ila mpaka leo, mtu wa miaka hamsini na kitu, akila hula haraka, kama anayeogopa kuitwa. Hajui kuomba msaada. Hajawahi kunieleza alikuwa akipenda kuwa nani. Bonde lilikauka, akatoka, akaishi, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kila ninapomsikia mtu akimsifu mtoto wa miaka kumi na miwili kwamba ana akili za kiutu uzima, natamani kwanza tuulize maji yake yamekwenda wapi.

Sasa niseme mahali mfano huu unapokatika, kwa sababu mfano ukivutwa sana hupotosha. Si kila chura hupitia maji. Watanzania wote tumesikia habari za chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye mvuke wa maporomoko kule bara, na ambaye mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, akabaki kwenye hifadhi za kuzalishia. Jike lake huzaa vyura wadogo wakiwa tayari vyura. Hatua ya kiluwiluwi huishia ndani ya mama. Wapo watu wa namna hiyo, ambao mageuzi yao yote yalifanyika mahali tusipopaona, na hatuna haki ya kudai watuonyeshe mkia. Tena chura hugeuka mara moja tu, na akishageuka harudi nyuma. Binadamu hugeuka mara nyingi: anaoa au kuolewa, anazaa, anafiwa, anastaafu, na anaweza kurudi nyuma kisha akaanza tena, kama yule kijana wa msasa. Hapo chura hana la kutufundisha.

Lakini kuna hili pia. Peter Hepper na Bruce Waldman mwaka 1992 walitangaza kwamba waliyaweka mayai ya vyura kwenye maji yenye harufu ya chungwa. Viluwiluwi waliotoka waliipenda harufu hiyo, na kwa baadhi upendo huo ulidumu hata baada ya kuwa vyura. Mdomo umebadilishwa, utumbo umefupishwa, damu ni nyingine, mkia umeliwa wote, na bado kitu alichokinusa akiwa ndani ya yai kingali kinamvuta. Na vyura wengi, wakishakua, huyarudia maji masika inapofika, wakaimba usiku kucha, wakataga humohumo.

Mwaka huu tumewaleta tena viluwiluwi darasani. Hatukutumia gudulia. Tumetumia beseni pana, maji vidole vitatu, na katikati tumefudikiza kifuu cha nazi. Nusu ya beseni imefunikwa kwa jani la mgomba. Msichana wa dirishani, ambaye sasa yuko kidato kimoja mbele, hupita kila asubuhi kutazama, ingawa si darasa lake tena.

Jumatano iliyopita mmoja alipanda. Alikaa juu ya kifuu, mwili hauzidi ukucha wa kidole gumba, koo likipwita haraka haraka, na nyuma yake kimebaki kipande cha mkia kama punje mbili za mchele. Watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wamelizunguka beseni. Mmoja wao alikuwa ameleta ganda la ndizi mbivu ili viinzi vije, na viinzi vilikuja, vikamtua hadi karibu na pua. Hakutikisika.

"Mbona hali?" yule mtoto alisema, kama anayetaka kulia. "Siku ya tatu leo. Atakufa njaa."

Msichana aliinama, akaonyesha kwa ncha ya kalamu bila kumgusa.

"Anakula," alisema. "Tazama mkia."